Haki ya Kutua: Historia ya Nyumba za Magurudumu Marekani na Funzo Lake kwa Dola Zetu

Ibara ya 17 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania inampa kila raia uhuru wa kwenda kokote nchini na kuishi katika sehemu yoyote ya nchi. Ibara ya 39 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inasema jambo linalokaribiana na hilo. Kwa maneno hayo mawili, kwenda na kuishi, sheria imeyagawa maisha ya binadamu katika hali mbili: ama uko njiani, ama uko nyumbani. Ipo hata hivyo hali ya tatu ambayo katiba hazikuitaja kwa jina, nayo ni kutua. Ni hali ya mtu aliyesimama bila kuhamia, anayepumzika mahali pasipo pake, na ambaye wiki ijayo au msimu ujao ataendelea na safari yake.

Hoja ninayoiweka mbele ya msomaji ni hii: ugomvi mkubwa wa dola za kisasa na watu wanaohamahama umekuwa juu ya kutua kwao zaidi ya mwendo wao. Mtu anayepita hutozwa ushuru na kuachwa apite. Akisimama, huulizwa yeye ni nani, kwao ni wapi, na ataondoka lini.

Ili kuipima hoja hiyo nitachukua mfano ambao wengi wetu tunauona kama jambo la anasa za watalii: watu wa Marekani wanaoishi mwaka mzima ndani ya matrela ya kukokotwa na magari yao. Nimeuchagua kwa makusudi. Marekani ni nchi iliyojisifu kwa barabara zake na kwa uhuru wa raia wake kuhama. Kama hata huko mwenye nyumba ya magurudumu amepata shida ya kupata mahali pa kusimama, basi tatizo halitokani na ufinyu wa ardhi wala umaskini wa serikali. Linatokana na namna dola inavyomtazama mtu asiye na mahali pamoja.

Neno na asili yake

Waingereza huliita trela la makazi kwa neno lililotokana na lile la Kiajemi, karwan, ambalo kwetu limekuwa karavani. Kiswahili kina neno lake la zamani, msafara, na historia ya misafara yetu ya karne ya 19 inatufundisha jambo moja la msingi kabla hatujavuka bahari. Msafara wa Wanyamwezi kutoka Unyanyembe hadi pwani haukuwa mwendo mtupu. Ulikuwa mfululizo wa vituo. Kambi ilijengwa jioni na kuachwa alfajiri. Kulikuwa na mwendo wa alasiri wa kulazimisha, ulioitwa tirikeza, wa kuvuka eneo lisilo na maji, na wapagazi waliuchukia kwa sababu uliwanyima kituo. Katika Ugogo, watawala walidai hongo kabla ya msafara kupiga kambi na kuteka maji. Mazungumzo ya hongo yaliweza kuchukua siku kadhaa, na wasafiri wa Kizungu waliyalalamikia sana katika vitabu vyao.

Hongo ile, pamoja na ugomvi wake wote, ilikuwa na maana ya kisiasa. Ilitambua kwamba kutua ni tendo lenye gharama kwa mwenyeji na lenye haki kwa mpitaji. Mgeni alilipa, akateka maji, akalala, akaondoka. Bei ndiyo iliyobishaniwa. Kwamba msafara lazima usimame mahali fulani, hilo halikuwa na ubishi. Makubaliano ya namna hiyo ndiyo yaliyokuja kukosekana katika miji ya Marekani miaka mia moja iliyopita.

Kutoka ukarimu hadi kibali

Mwaka 1919, katika bustani ya De Soto mjini Tampa, jimbo la Florida, wasafiri wa magari waliunda chama chao na kujiita Watalii wa Kopo la Bati. Walikula vyakula vya makopo, walilala katika mahema na katika magari waliyoyageuza wenyewe kuwa vyumba, na walitambuana kwa kopo lililochomelewa kwenye kifuniko cha rejeta. Magari yalikuwa yameshuka bei, na tabaka la watu wa kawaida lilipata kwa mara ya kwanza uwezo wa kusafiri masafa marefu bila kufuata ratiba ya treni wala bei ya hoteli.

Mwanzoni miji iliwapokea vizuri. Mamia ya miji ilifungua viwanja vya kupiga kambi bure, vyenye maji, majiko na vyoo, kwa kuwa wafanyabiashara waliamini kwamba msafiri aliyelala mjini atanunua mkate, nyama na petroli mjini. Denver ilikuwa na uwanja mkubwa wa Overland Park, uliosifiwa nchi nzima. Lakini kadiri magari ya mitumba yalivyozidi kuwa rahisi, ndivyo waliofika walivyozidi kuwa watu wa aina nyingine: vibarua wa mashamba, familia zilizokuwa zikitafuta kazi, wazee wasio na akiba. Katikati ya miaka ya 1920 viwanja vingi vilianza kutoza ada na kuweka ukomo wa siku za kukaa. Ada ilikuwa ndogo, lakini kazi yake ilieleweka: kumchuja mtalii kutoka kwa mhitaji.

Hapo ndipo ilipozaliwa tofauti ambayo imedumu hadi leo. Watu wawili wanaweza kuegesha matrela yanayofanana, upande kwa upande. Mmoja ana nyumba mahali pengine, na huyo huitwa mgeni. Mwenzake hana nyumba nyingine ila hiyo, na huyo huitwa mzururaji. Kinachowatofautisha machoni mwa sheria ni kile walichokiacha nyuma, hata kama wanayoyafanya hapo walipo ni yale yale.

Mnamo miaka ya 1930 trela likawa bidhaa ya kiwanda. Arthur Sherman, mtaalamu wa bakteria aliyekuwa na kampuni ya dawa huko Michigan, alitengeneza trela lake la kwanza kwa ajili ya likizo ya familia. Alilionyesha Detroit mwaka 1930, na katika miaka michache kampuni yake ikawa kinara wa tasnia hiyo nchini. Mtabiri wa uchumi Roger Babson alitangaza katikati ya muongo huo kwamba baada ya miaka 20 nusu ya Wamarekani wangekuwa wanaishi katika matrela. Utabiri huo haukutimia, lakini uliziogopesha halmashauri za miji. Nani angelipa kodi ya majengo? Watoto hao wangesoma shule ya nani? Wangepiga kura wapi? Hayo yalikuwa maswali halali ya utawala. Jibu lililopatikana kwa wepesi lilikuwa kupiga marufuku: kanuni za mipango miji zilizuia mtu kuishi ndani ya trela nje ya viwanja maalumu, na viwanja hivyo vikasukumwa pembezoni, karibu na reli, viwanda na majalala.

Mpaka wa California

Mdororo mkuu wa uchumi ulipozifukuza familia za Oklahoma, Texas na Arkansas kutoka mashambani, suala la kutua lilipata sura yake kali zaidi. Februari 1936 mkuu wa polisi wa Los Angeles, James Davis, aliwatuma askari wake 136 kwenye mipaka ya jimbo la California, mamia ya kilometa kutoka mji aliopewa kuulinda, ili kuwarudisha wasafiri wasio na fedha wala kazi. Ni vema tukumbuke kwamba waliorudishwa walikuwa raia wa nchi hiyo hiyo, wakivuka kutoka jimbo moja kwenda jingine.

California pia ilikuwa na sheria iliyofanya kuwa kosa la jinai kumleta jimboni mtu fukara asiye mkazi. Fred Edwards alimleta shemeji yake kwa gari kutoka mji wa Spur, Texas, hadi Marysville, akatiwa hatiani. Kesi ilifika Mahakama ya Juu ya Marekani, na Novemba 1941 majaji wote walikubaliana kuifuta sheria ile. Wengi wao walitegemea kifungu cha katiba kuhusu biashara baina ya majimbo. Jaji Robert Jackson, katika maoni yake tofauti, aliona kwamba kulihesabu suala la binadamu kuhama kama suala la bidhaa ni kuipunguzia hadhi haki yenyewe. Kwake, suala lilikuwa uraia.

Ushindi ule ulikuwa mkubwa, lakini mwanafunzi wa historia ausome kwa uangalifu. Mahakama ilisema kwamba jimbo haliwezi kumzuia fukara kuingia. Haikusema atalala wapi akishaingia. Haki ya kwenda ilithibitishwa, na haki ya kutua ikaachwa mikononi mwa polisi wa mji na ofisa mipango.

Vita viligeuza mambo kwa muda. Serikali ya shirikisho ilinunua makumi ya maelfu ya matrela kwa ajili ya wafanyakazi wa viwanda vya silaha, na kile kilichokuwa kero ya halmashauri kikawa huduma kwa taifa. Dola ilipouhitaji mkono wa mtu, trela lake liligeuka kuwa makazi halali. Vita vilipokwisha, upungufu wa nyumba uliwabakiza wengi humo, na tasnia ikagawanyika njia mbili. Kuanzia 1954 yalitokea matrela ya upana wa futi 10, makubwa mno kwa gari la kawaida kuyavuta, ambayo kwa kweli yalikuwa nyumba za kuwekwa mahali na kubaki hapo. Matrela madogo yalibaki kuwa vyombo vya burudani. Mgawanyiko huu wa kibiashara uliingia katika sheria: kubwa ni makazi, dogo ni chombo cha likizo. Anayeishi mwaka mzima ndani ya dogo anaishi ndani ya kitu ambacho sheria inakichukulia kuwa si cha kuishi.

Cape Town hadi Cairo

Historia hii ina tawi lililopita kwetu. Mwaka 1959 Wally Byam, mwanzilishi wa kampuni ya matrela ya Airstream, aliongoza msafara wa matrela 41 yaliyong'aa kwa alumini kutoka Cape Town hadi Cairo, kupitia Kenya na Ethiopia miongoni mwa nchi nyingine, na kufika Misri mwaka 1960. Magazeti ya Marekani yaliisimulia safari hiyo kama ushujaa wa raia huru wa dunia huru, na kwa upande wa matope, madaraja mabovu na uchovu, ushujaa ulikuwapo kweli.

Lakini tuangalie tarehe. Msafara ulianzia katika nchi ambayo Mwafrika hakuruhusiwa kukaa mjini bila pasi mfukoni, na Machi 1960 polisi wa nchi hiyo waliwapiga risasi watu waliokuwa wakizipinga pasi hizo huko Sharpeville. Kenya, kwa upande wake, ilikuwa bado chini ya hali ya hatari iliyotangazwa mwaka 1952 na kuondolewa Januari 1960. Waafrika wa Kenya walikuwa wamebeba kipande shingoni tangu mwisho wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Wakati wa vita vya Mau Mau, Wakikuyu, Waembu na Wameru walipewa vitabu vya pasi, na watu wapatao milioni moja wakahamishiwa kwa nguvu katika vijiji vyenye maboma na amri ya kutotoka nje. Kwenye ardhi ile ile na katika miaka ile ile, mgeni aliweza kuegesha nyumba yake penye mandhari nzuri, na mwenyeji hakuweza kulala kwa ndugu yake wilaya ya pili bila muhuri. Byam hakuwa mtunga sheria hizo, wala sidai hivyo. Nalitaja jambo hili kwa sababu linaonyesha kwamba uhuru wa kutua haukupimwa kwa tendo. Ulipimwa kwa kuangalia mtendaji ni nani.

Kupumzika ni kazi

Watu wasioyajua maisha haya hudhani kwamba anayeishi katika trela husafiri kila siku. Ukweli ni kinyume. Siku nyingi za mwaka hupita akiwa amesimama. Mapumziko kati ya safari na safari ndiyo yanayobeba maisha yenyewe: kumwaga maji taka mahali panaporuhusiwa, kujaza tangi la maji safi, kukagua matairi na beringi za magurudumu, kuziba paa linalovuja, kumwona daktari, kuchukua barua, kufanya kibarua cha msimu ili kupata fedha ya mafuta ya safari ijayo. Asiyepata mahali pa kufanya hayo hawezi kusafiri kwa muda mrefu. Kwa hiyo anayekunyima kituo amekunyima na safari.

Wamarekani wamejenga njia mbili za kulikabili tatizo hili. Ya kwanza ni ya kujiunga. Mwaka 1978 wanandoa waliokuwa wakiishi barabarani walianzisha chama kinachoitwa Escapees, ambacho makao yake yako Livingston, Texas. Chama hiki kiliwapa wanachama kitu cha thamani kuliko kiwanja, yaani anwani. Barua zao hupokelewa hapo na kutumwa walipo. Kwa anwani hiyo hupata leseni ya udereva, bima, akaunti ya benki na usajili wa mpiga kura. Haikupita hivi hivi, kwani palitokea wenyeji wa wilaya hiyo waliohoji ni kwa haki gani watu wasiolala pale wapige kura pale. Swali la miaka ya 1930 lilikuwa limerudi, safari hii likivaa suti ya sheria ya uchaguzi.

Njia ya pili ni ya ardhi ya umma. Idara ya shirikisho inayosimamia ardhi huruhusu mtu kupiga kambi katika maeneo yake mengi kwa siku 14, kisha ahame. Mwaka 1983 idara hiyo ilianza kutenga maeneo ya kukaa muda mrefu katika jangwa la Arizona na California. Kubwa na maarufu zaidi ni La Posa, karibu na mji mdogo wa Quartzsite, ambako kwa kibali cha msimu mtu anaweza kukaa kuanzia Septemba 15 hadi Aprili 15. Kwa miaka mingi ada ilikuwa dola 180 kwa msimu mzima, au dola 40 kwa siku 14. Hakuna anasa hapo: ni jangwa, maji ya bomba, mahali pa kutupa taka na pa kumwaga maji machafu. Hata hivyo, kila majira ya baridi maelfu ya watu hufika kwa sababu pameandikwa katika kanuni kwamba hapa unaweza kusimama.

Katika makaburi ya Quartzsite amezikwa mtu aliyeitwa Hadji Ali, mzaliwa wa dola ya Osmani, ambaye Wamarekani walishindwa kulitamka jina lake wakamwita Hi Jolly. Aliletwa mwaka 1856 kuongoza ngamia ambao jeshi la Marekani lilitaka kuwatumia jangwani. Mradi ulikufa, naye akabaki huko hadi alipofariki mwaka 1902. Juu ya kaburi lake pana piramidi ya mawe yenye umbo la ngamia kileleni. Watu wa karavani za alumini hupumzika leo kando ya kaburi la mtu wa msafara wa ngamia.

Nyumba au gari?

Mwaka 1985 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi iliyotoka San Diego kuhusu upekuzi wa gari la makazi lililokuwa limeegeshwa. Nyumba haipekuliwi bila hati ya hakimu, lakini gari linaweza kupekuliwa. Sasa nyumba yenye magurudumu ni kipi? Majaji sita dhidi ya watatu waliamua kwamba ikiwa tayari kuondoka, ni gari. Waliacha mlango wazi kwa ile iliyowekwa juu ya matofali au kuunganishwa na maji na umeme. Maana yake ni kwamba faragha ya mtu nyumbani kwake ilifungwa na uzito wa kutua kwake. Aliyetua kwa muda mfupi ana ulinzi mdogo kuliko aliyeng'oa magurudumu.

Mwaka 2021 mahakama ya juu ya jimbo la Washington ilielekea upande mwingine. Katika kesi ya fundi aliyekuwa akiishi ndani ya lori lake dogo mjini Seattle, na ambaye lori hilo lilivutwa na kuzuiliwa, mahakama ilitambua kwamba gari linaweza kuwa makazi yanayolindwa na sheria ya jimbo, na kwamba gharama alizotozwa zilikuwa adhabu iliyopita kiasi.

Kati ya hukumu hizo mbili uchumi ulikuwa umebadilisha sura ya watu wenyewe. Msukosuko wa nyumba wa mwaka 2008 uliwasukuma barabarani wazee wengi waliopoteza nyumba au akiba. Kampuni ya Amazon ilianza mwaka huo kuwaajiri wakazi wa matrela kwa kazi za msimu katika maghala yake. Mwandishi Jessica Bruder aliyafuatilia maisha haya katika kitabu chake Nomadland cha mwaka 2017, na filamu iliyotokana nacho ilishinda tuzo ya Oscar ya picha bora mwaka 2021. Umma ulitambua kwamba trela linaweza kuwa uhuru kwa mmoja na kimbilio kwa mwingine, na mara nyingi vyote viwili kwa mtu mmoja.

Kisha ikaja hukumu ya Juni 28, 2024 katika kesi ya mji wa Grants Pass, Oregon. Kwa kura sita dhidi ya tatu, Mahakama ya Juu iliruhusu miji kuwaadhibu watu wanaolala maeneo ya umma hata kama hawana makazi mengine. Mmoja wa walalamikaji alikuwa akilala ndani ya gari lake. Miaka 83 baada ya kesi ya Edwards, mkato ulioachwa mwaka 1941 ulionekana wazi: fukara ana haki ya kuvuka mpaka wa jimbo, lakini akifumba macho anaweza kutozwa faini.

Ulaya imepita njia hizo hizo. Uingereza ilitunga sheria mwaka 1968 iliyozitaka halmashauri kutenga viwanja kwa ajili ya karavani za Wagypsy, ikaufuta wajibu huo mwaka 1994, na mwaka 2022 ikaongeza makosa ya jinai dhidi ya makambi yasiyo na ruhusa. Ufaransa iliwabebesha watu wa kuhamahama vitabu maalumu vya utambulisho tangu 1912, na mfumo wa vitabu hivyo ulifutwa kabisa mwaka 2017 tu. Lakini Ufaransa hiyo hiyo ilizitaka mwaka 2000 wilaya zake ndogo zenye wakazi zaidi ya 5,000 zishiriki katika kutenga viwanja vya kutua. Sheria hiyo haitekelezwi kikamilifu, lakini msingi wake ni sahihi: kukataza mtu kusimama popote huhitaji kwanza kumwonyesha pa kusimama.

Na sisi?

Tumerithi sheria za uzururaji kutoka kwa Waingereza, na tulizihifadhi kwa uaminifu baada ya uhuru. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania iliendelea kuwa na makosa ya uzembe na uzururaji. Mwaka 1983 Sheria ya Nguvu Kazi iliambatana na kampeni ya kuwaondoa mijini wale walioonekana kutokuwa na kazi, miaka michache baada ya Operesheni Vijiji kutaka kila mkulima awe mahali pamoja panapofikika. Nia ya kufikisha shule na zahanati ilikuwa njema. Dhana iliyokuwa chini yake, kwamba raia mwema ni yule anayepatikana alipoandikwa, ilitoka moja kwa moja katika daftari la mkoloni. Kenya iliifuta sheria yake ya uzururaji mwaka 1997. Desemba 4, 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, ilitoa maoni ya ushauri kwamba sheria za uzururaji zinakiuka Mkataba wa Afrika, na kwamba nchi zina wajibu wa kuzifuta au kuzirekebisha. Tunaishi jirani na mahakama hiyo, tuisikilize.

Sisi hatuna matrela ya alumini, lakini tuna watu wa kutua. Wavuvi wa pwani huenda dago: hufuata samaki kwa msimu, hupiga kambi ufukweni kwa wiki au miezi, hutengeneza nyavu, hukausha samaki, kisha huondoka. Wafugaji wana maeneo yao ya kiangazi. Wavunaji wa msimu, wachimbaji wadogo, madereva wa malori wanaosubiri siku kadhaa mpakani: wote hao hutumia sehemu kubwa ya maisha yao mahali ambapo si nyumbani wala si njiani. Operesheni ya Anwani za Makazi ya mwaka 2022 imeweka namba kwenye milango na vibao kwenye mitaa, na ni kazi muhimu. Ila kila mfumo unaomtambua mtu kwa mlango wake unapaswa kujibu mapema swali la asiye na mlango mmoja.

Kwa watumishi wa umma wanaosoma ukurasa huu nina mapendekezo matatu, yote yakitokana na historia niliyoieleza. Kwanza, kabla halmashauri haijaandika katazo la kupiga kambi, iandike kwanza orodha ya mahali panaporuhusiwa, pamoja na maji na choo. La Posa inaonyesha kwamba gharama yake inaweza kuwa ndogo. Pili, tenganisheni haki na anwani: kadi ya kliniki, nafasi ya mtoto shuleni na usajili wa mpiga kura viwe na utaratibu wa wazi kwa mtu wa dago na wa malishoni, bila kumlazimisha aombe barua ya hisani kwa mwenyekiti wa mtaa asiyemjua. Tatu, msipime kutua kwa sura ya anayetua. Kama mtalii anaruhusiwa kulaza gari lake la kambi ufukweni kwa wiki mbili, mvuvi aliyeweka ngalawa yake hapo hapo asiulizwe kibali ambacho mwenzake hakuulizwa.

Wanafunzi nao wana kazi. Historia za safari zetu zimeandikwa kwa wingi, na nyingi zimeandikwa na waliokuwa na haraka ya kufika. Historia ya vituo vyetu, ya kambi za Ugogo, ya madago ya Mafia na Pemba, ya malori yaliyolala Tunduma, bado haijaandikwa kama inavyostahili. Wenye kuijua bado wapo, na wengi wao sasa ni wazee. Tukiwafuata sasa, tutaikuta.